Saa ya Baba Inayovuma

Jirani yetu Bi Kibena anadai amemwona baba yangu, na baba yangu ni marehemu, mwaka wa pili huu. Anasema kapita uani kwake mchana kweupe, mbio mbio, kapewa salamu hakuitika, yeye aliyekuwa hawezi kumpita hata mbuzi bila kumjulia hali. Umemfanya nini baba yako, ananiuliza. Mie nauficha mkono mgongoni, maana siku hiyo ndiyo niliyoitia saa yake moja betri mpya. Baba alikusanya saa tano za mkononi, za zamani, zile zisizogonga. Ndani mna kiuma kidogo cha chuma kinachotetemeka, ukiiweka sikioni inavuma kama nyuki ndani ya chupa. Nazivaa kwa zamu, zisinyamaze, kama alivyoniusia. Fundi alishanionya kwamba zilizoea betri dhaifu, na betri hizo hazitengenezwi tena. Nami hii moja nikaitia yenye nguvu nikidhani naitendea wema. Tangu hapo inakimbia, leo haijaisha inasema kesho.

Najilaza mkekani baada ya chakula, kifundo cha mkono chini ya sikio, na mvumo unakuwa barabara, nami natembea juu yake. Barabara haiishi, inageuka mji, na mji unajirudia kama kwenye kioo, kila duka mara mbili, kila mtu kavaa saa mkono wa kulia. Mtu mmoja ananipokea, pale penye sura ana uso wa saa usio na mishale. Namuuliza baba yuko wapi. Ananiambia, Kitendawili. Nasema, Tega. Ukimlisha kidogo anaimba, ukimshibisha anakukimbia. Nataka kumwambia nimeshajua, kosa ni langu, lakini keshageuka mlango, na nyuma ya mlango barabara ni ile ile, na mbele yangu mgongo wa baba, shati lake la kaki, kandambili zilizolika upande. Nikipiga hatua moja yeye anapiga mbili, na kisogo chake kinazidi kuwa cheupe kwa mvi. Naita, Baba, ningoje. Anajibu bila kugeuka, Mwanangu, nitakungojaje nawe ndiwe unayenikimbiza?

Natazama saa, mishale haionekani kwa kasi. Nikiitoa betri atasimama, lakini mvumo utakatika, na mvumo ndio pekee uliobaki wa kwake. Nasita, na mji unapita, unapita tena. Nafungua kifuniko kwa ukucha. Kimya. Baba anasimama, anaanza kugeuka taratibu, nami nafumbua kinywa nimuulize ile betri dhaifu aliipata wapi.

Bi Kibena ananitikisa bega, anasema nimelala mpaka alasiri. Betri imo kiganjani mwangu, ina moto. Na bado nasikia mvumo, sijui wa hapa, sijui wa kule. Namnyooshea mkono, nasema, Bi Kibena, hebu weka sikio hapa, niambie kama inavuma. Yeye kashanipa mgongo, anatazama uani, na mkono wake wa kulia una saa.