Hakuna Aliyekwenda Magoma

Jabiri alituma picha asubuhi, wakati Kudra anatunga uzi kwenye sindano ya cherehani. Ilikuwa picha ya darasa lao la kidato cha tatu mwaka 2016, wamesimama mbele ya bweni kule Korogwe, wanacheka. Chini yake aliandika: "Turudishieni mwaka wetu." Chai ya Kudra haijapoa, grupu lao la simu lilikuwa limeshajaa majibu. Kila mtu aliutamani mwaka ule, kila mtu alisema siku hizi hakuna raha.

Kudra naye alitabasamu. Kisha akamwona Evodia kwenye picha, kamshika yeye bega, akakumbuka kwamba Evodia hajaandika neno humo tangu wiki tatu zilizopita, alipofiwa na mama yake.

Siku ile ya msiba grupu lilijaa vipicha vya mishumaa. Kudra alituma vitatu, akarudi kwenye gauni la mteja. Kutoka Mkata anakoishi hadi Magoma, kwao Evodia, ni mbali, na Jabiri anakaa Korogwe, pua na mdomo na Magoma. Alijua Jabiri amewawakilisha. Jioni mtu alituma kichekesho, wakacheka.

Akampigia Jabiri.

"Jabiri, kule kwa Evodia mlikwenda wangapi?"

"Si ulikwenda wewe? Wewe ndiye shoga yake."

"Mimi nilijua umekwenda wewe."

"Ngoja niulize kwenye grupu."

"Usiulize," Kudra alisema. "Jumanne nakwenda mimi."

Mwaka huohuo wa picha, Kudra alifiwa na baba yake. Wenzake walikuja hadi Mkata na sare zao za shule. Walichota maji, wakasugua masufuria makubwa ya kuazima. Evodia alibaki siku tatu, akilala chini kwenye mkeka, na kila asubuhi alimwamsha Kudra na kukaa naye mpaka amalize uji. Hakuna aliyepiga picha.

Jumanne Kudra alipanda basi hadi Korogwe, kisha gari la Magoma, na kilo mbili za sukari mapajani. Mama aliyekaa naye alimuuliza anakwenda kwa nani. Aliposikia anakwenda kuhani msiba, alishuka naye, akampeleka mpaka uani, ndipo akashika njia yake.

Shangazi yake Evodia alimpokea.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Pole na safari."

Evodia alikuwa nyuma ya nyumba anapukuchua mahindi. Aliinuka, akafuta kiti kwa kanga, akamwekea. Kudra alikitazama kile kiti. Katika nyumba hii hakuwahi kukaribishwa kama mgeni. Zamani alikuwa anapitiliza jikoni na kufunua vyungu.

"Pole, Evo. Nilijua Jabiri amekuja."

"Na Jabiri alijua umekuja wewe."

"Ndiyo."

"Nilihesabu ile mishumaa," Evodia alisema, akirudi kwenye mahindi yake. "Mia na nne. Ingekuwa ya kweli tungemulika kijiji kizima, maana usiku ule taa ya chemli iliisha mafuta."

Kudra aliacha kiti, akaketi chini, akachukua hindi. Evodia hakumkataza. Walipukuchua mpaka sinia likajaa. Mara moja Evodia alimsogezea maji ya kunywa.

Kudra alipoaga, Evodia alisema bila kuinua macho, "Jumamosi napalilia shamba la mama. Peke yangu."

"Nitakuja."

"Usiseme. Ukija nitakuona."

Hakumsindikiza. Shangazi ndiye aliyemfikisha barabarani, akiwa amemfungia mahindi kidogo kwenye mfuko.

"Usimwone mkali," alisema. "Siku zile za msiba, kila gari likisimama hapa alikuwa anainuka. Hata gari la mkaa."

Gari lilipofika, shangazi alimshikia mlango, akamwambia afunge dirisha, vumbi ni jingi.

Walipovuka daraja simu ililia. Ni ujumbe wa Jabiri: "Umefika? Tupe picha tuweke kwenye grupu." Kudra aliizima simu, akaitia kwenye pochi. Kisha akaanza kupanga kichwani nguo za wateja, ipi aanze nayo kesho na ipi aishone alfajiri, ili ikifika Ijumaa jioni pasiwe na hata moja mezani.