Kiatu cha Chuma cha Mzee Peterson

Pikipiki bila breki! Hebu niambie wewe, ungeamini? Mimi Jerotich, niliyezaliwa Kapsabet nikaona pikipiki zenye breki zikiingia mtaroni, nilimtazama Mzee Peterson nikajisemea, huyu ananichezea akili.

Nilikuwa nikimhudumia nyumbani kwake Temple Hills, huku Maryland, Marekani: kumwogesha, kumpikia, kumpa dawa. Kila asubuhi hadithi ni ile ile. Eti miaka ya thelathini alikuwa bingwa wa mbio za pikipiki hizo zisizo na breki kwenye viwanja vya vumbi, Kalifornia mpaka Uingereza. Eti walizunguka kushoto tu, mguu wa kushoto ukiburuzwa chini kwenye kona. Picha? Hana. Kikombe? Hana. Alikuwa na kitu kimoja: kiatu cha chuma cha kuvalia juu ya buti la mguu huo wa kushoto, chenye mikanda ya ngozi, ambacho alikilalia chini ya mto.

"Audrey aliuza pikipiki yangu," aliniambia akichungulia mlangoni. "Hiki hatakipata."

Audrey ni binti yake. Naye alinitazama vile mwenye duka anavyomtazama mteja aliyeingia na mfuko mkubwa. Jumatatu moja nafika, nakuta mto uko sakafuni, mzee analia, Audrey ameshika simu.

"Kiatu cha baba kiko wapi?"

"Sijui."

"Kisiporudi leo, napigia ejensi yako iliyokuleta kazini. Nitawaambia umeiba."

Jamani! Neno hilo likifika ejensi, nani tena Maryland hii angenifungulia mlango? Halafu hasira zikanipanda. Nani mwingine huingia chumba hiki? Venuste! Yule Mkongomani wa shifti ya wikendi, mpole kupita kiasi, na mpole wa namna hiyo mimi simwamini hata kidogo. Nikampigia pale pale kutoka jikoni.

"Venuste, chuma cha mzee umepeleka wapi?"

Akasema polepole, "Mama, mimi siko mwizi. Nilikuta ile chuma chini ya kichwa ya mzee. Kwetu, chuma chini ya kichwa ya mugonjwa, ile ni fetishi, kitu ya uchawi. Niliipeleka kwa pasteri aiombee."

"Fetishi gani, wewe! Ni kiatu!"

"Kiatu ya chuma? Ya mguu moja? Mama, na wewe unaamini?"

Nikamwambia akirudishe upesi, ingawa hata mimi sikuamini.

Alifika alasiri, kiatu amekiviringisha kwa taulo. Audrey alisimama mlangoni, simu bado mkononi. Nikimtaja Venuste, anafukuzwa yeye. Nisipomtaja, ni mimi.

Mzee alikinyakua kiatu akakinusa. "Kinanukia mafuta."

"Kimepakwa mafuta, kikaombewa," nikasema. Ndilo lililonitoka. "Kanisani, Landover."

"Na nani alikitoa humu ndani?" Audrey akauliza.

Mzee alinitazama mimi, akamtazama Venuste aliyeinamisha kichwa. "Niliwapa mimi," akasema.

"Baba, asubuhi ulikuwa unalia!"

"Nilisahau. Si huwa unasema nasahau? Jerotich, nifunge mikanda."

Nikamfunga. Akasimama, Venuste akimshika kiuno. Alikunja magoti, akatanguliza mguu wa kushoto, akalalia upande huo, mkono wa kulia ukikaza kitu tusichokiona, kama usukani wa pikipiki. Mikono ile iliyokuwa ikimwaga uji kila asubuhi haikutetemeka hata kidogo. Nikaamini. Hata Audrey alishusha simu, ingawa macho hakuyatoa kwangu.

"Mama yangu hakuja uwanjani hata siku moja," mzee akasema, bado amelalia upande. "Alisema mchezo huu ni wa shetani, hawezi kuuombea. Nimeanguka kila mahali, mguu huu umevunjika, na hakuna mtu aliyewahi kuuombea."

Machozi yalinitoka, sikuyaficha.

"Venuste," akasema. "Jumapili kipeleke tena."