Upande wa Nyuma wa Kitambaa

Msimamizi mpya alipoingia karakanani siku ya kwanza, hakutoa hotuba, na hapo ndipo tulipoanza kumwogopa. Yule aliyemtangulia alikuwa mtu wa kupiga kelele, na kelele tulikwisha kuzizoea. Huyu alizunguka kimyakimya, mashine kwa mashine, akitazama mikono yetu. Wakati wa mapumziko ya saa nne alikuwa amekwisha kupewa jina: Bi Kimya.

Tulikuwa watu kumi na mmoja, na tulikuwa tumevunjika moyo. Miezi miwili nyuma tulishona makoti mia tatu ya buluu kwa ajili ya wahudumu wa hospitali. Yalipofuliwa mara ya kwanza tu, yakaonekana mabaka: mkono mmoja unang'aa, mwingine umefifia, kifua rangi nyingine. Kitambaa kile kina uso na kina nyuma, na kikiwa kipya huwezi kuvitofautisha kwa macho. Tulikuwa tumechanganya. Makoti yote yakarudishwa. Sasa hospitali ilitupa nafasi moja ya mwisho, makoti mia mbili, Alhamisi ya wiki inayofuata. Tukikosea tena, mlango unafungwa.

Mimi ndiye mpiga pasi. Wananiita Bibi, na kweli nina wajukuu saba. Watatu kati yao wanalala kwangu na kula kwangu. Umri wangu si wa kuanza kutafuta kazi mahali pengine.

Basi, kila mtu alimtazama mwenzake kwa jicho la pembeni. Washonaji walisema kosa ni la mkataji. Ndiye anayeweka alama ya chaki upande wa nyuma wa kila kipande, na wao wanaifuata hiyo hiyo; vipande, walisema, vilifika bila alama, wakakisia. Mkataji aliapa kwamba aliweka alama zote, na kwamba washonaji walishona huku wakipiga soga. Alikuwa ameacha kula na wenzake. Alikula mezani pake, amewapa mgongo.

Bi Kimya alipoanza kufanya mambo madogo, hofu ikazidi. Alibandua ubao ambapo msimamizi wa zamani aliandika majina ya wazembe. Akaihamisha mashine ya mshonaji mmoja, Mama Pacha, karibu na dirisha, maana macho yake yalikuwa yanatoka machozi kwa giza. Mimi niliyaona hayo nikayaweka moyoni. Lakini Redio, kijana wetu mshonaji asiyezimika tangu asubuhi hadi jioni, alikuwa na maelezo yake.

"Mnafurahia nini?" alisema. "Daktari akikusugua mkono kwa pamba taratibu hivyo, jua sindano anayo mkono wa pili."

"Wewe nawe!" Mama Pacha akamwambia. "Kumbe dirisha ni sindano?"

"Subiri. Utaniambia."

Siku ya tatu Bi Kimya alichukua furushi moja la vipande pale kwa mkataji, akasema atalifuata mpaka litoke likiwa koti. Alikaa na mkataji saa nzima. Redio akakonyeza.

"Anajifunza kazi zetu atufukuze wote," alinong'ona. "Atabaki yeye na mashine tu."

Kisha furushi likaja kwangu.

Hapa lazima nieleze jambo ambalo hakuna aliyeniagiza. Kazi yangu ilikuwa kupiga pasi makoti yaliyokwisha kushonwa. Lakini kitambaa kile cha buluu kilikuwa kigumu na kilijikunja vibaya ndani ya furushi, na Mama Pacha vidole vinamvimba. Nilikuwa namwona akikinyoosha kwa kiganja huku anauma meno. Basi tangu yale makoti mia tatu nikaanza kuvipiga pasi vipande vyote kabla ya kuvipeleka kwa washonaji. Nilifanya hivyo nikijisikia vizuri.

Bi Kimya alisimama kando yangu. Nikatandaza mkono wa koti, alama ya chaki ikiwa juu, nikapitisha pasi. Nilipoinua pasi, alama haikuwepo. Ile chaki ni ya nta, inayeyuka kwa moto.

Yeye aliona kabla yangu. Alikigeuza kipande upande wa pili, akakirudisha.

"Bibi, unavipiga vyote hivi, kabla ya kushonwa?"

"Ndiyo, mwanangu. Vinakuja vimejikunja, na Mama Pacha vidole vinamuuma."

"Alikuomba?"

"Hapana."

"Asante," akasema, akachukua kipande, akaenda zake.

Nikachukua kipande kingine. Nikapitisha pasi. Alama ikapotea. Nikavuta kiti nikakaa.

Kuanzia dakika ile sikumwamini yule mwanamke hata kidogo. Aliona, na akanyamaza. Kwa nini mtu anyamaze? Nilidhani anasubiri mwezi uishe anifukuze. Nikadhani amekwisha kuandika barua, imo kwenye ule mkoba wake wa kahawia. Kila alipopita nilihesabu hatua zake. Niliacha kupiga pasi vipande, na Mama Pacha akalalamika, "Bibi, leo umetutupa?" Nikamjibu kwamba mgongo unanisumbua. Nikamdanganya hivyo, mtu mzima mimi.

Kesho yake asubuhi alitukusanya.

"Nimeona kosa lilipotokea," alisema. "Chaki haitatutosha peke yake. Nataka njia nyingine ya kuujua upande wa nyuma. Na njia hiyo nataka itoke kwenu, maana nyinyi ndio mnaokishika kitambaa."

Mkataji ndiye aliyesema kwanza, taratibu sana.

"Kwa hiyo ni mimi."

"Sijasema hivyo."

"Hujasema. Lakini chaki ni ya nani humu ndani?"

"Kosa si lako," Bi Kimya alisema.

"Basi ni la nani? Litaje jina."

Hakulitaja. Sikuthubutu kuinua uso. Nilitazama sakafu, uzi mmoja wa buluu uliokwama kwenye ufa, na sikujua kama ananitazama au hanitazami, wala lipi ni baya zaidi.

"Anamlinda," Redio akasema kwa sauti ya kusikika na wote. "Wamekaa saa nzima pale mezani. Wamepatana."

Siku ile ilikuwa mbaya kuliko zote. Washonaji walikagua kila kipande cha mkataji, wakakirudisha, akakagua, akawarushia. Mpaka jioni tulikuwa na makoti tisa. Tisa, na yanatakiwa mia mbili.

Ijumaa asubuhi nilimkuta mkataji anauviringisha mkasi wake mkubwa kwenye kitambaa. Ulikuwa wa marehemu baba yake. Akafunga fundo, akafunga na la pili.

"Unakwenda wapi, baba?" nikamwuliza.

"Nyumbani, Bibi. Mke wangu mwenyewe ameshaanza kuniuliza kama kweli niliweka zile alama. Kama nyumbani siaminiwi, hapa nakaa kufanya nini?"

Nikamtazama Bi Kimya. Alikuwa amesimama mlangoni, na wala hakunitazama. Nikawafikiria wale wajukuu watatu na sufuria yao. Kisha nikamwona yule mwanaume akilivuta fundo kulikaza.

"Alama uliziweka," nikasema. "Nilizifuta mimi."

Mashine zikazimwa moja baada ya nyingine. Nikawasha pasi, nikatandaza kipande mbele yao, nikawaeleza kwa nini nilianza, nikawaonyesha. Alama ikapotea kama vile haikuwahi kuwapo. Redio akaja, akakigeuza kile kipande pande zote mbili.

"Ulikuwa unanipigia pasi kwa ajili ya vidole vyangu?" Mama Pacha akauliza, akajifunika uso kwa kanga.

Mkataji hakulia. "Miezi miwili, Bibi," alisema. "Miezi miwili nimekula peke yangu kama mwizi."

"Najua, baba. Nisamehe."

"Sijakusamehe." Akafungua fundo la kwanza, halafu la pili. "Lakini mkasi naurudisha mezani."

Ndipo Bi Kimya akaja katikati yetu akauliza lile lile la jana: tufanyeje? Safari hii maneno yaligongana. Mama Pacha akasema tupige mshono mmoja ukingoni, uzi mweupe upande wa nyuma na wa buluu upande wa uso, moto hauufuti. Redio akasema mweupe utachafuka mikononi mwetu, tutumie mwekundu, na yeye ataupiga kwa mashine, vipande mia kwa saa moja. "Mia na maneno elfu," mtu akamjibu, na tukacheka. Mkataji akasema uzi upigwe pale pale mezani pake, kipande kisiondoke bila alama. Na nikaambiwa niendelee kuvipiga pasi, maana kweli vinajikunja.

Furushi la kwanza alilileta mkataji mwenyewe. Akasimama, mikono kifuani.

"Piga. Nakuangalia."

Aliniangalia hivyo siku tatu nzima. Ya nne akaleta furushi, akaliacha, akaondoka.

Makoti mia mbili yalitoka Alhamisi, mchana. Mtu wa hospitali alifua matatu pale pale kwenye karai, akayaanika juani, akayasubiri yakauke huku sisi tumesimama kama watu wanaosubiri hukumu. Hayakuwa na baka. Akatia sahihi.

Wengine walipokuwa wakishangilia, nilimfuata Bi Kimya kule alikokuwa akikunja ile meza ya kukunjika tuliyopangia makoti. Bado nilikuwa na jambo rohoni.

"Mwanangu, ungeninyamazia mpaka lini?"

"Mpaka Jumamosi," alisema. "Nilitaka useme mwenyewe, wangekusikiliza zaidi kuliko mimi. Usingesema, Jumatatu ningekutaja mbele ya wote."

"Ungenitaja kweli?"

"Ningekutaja, Bibi."

Hakutabasamu aliposema hivyo, na wala hakulipaka neno lake sukari. Nikashika upande wa pili wa meza, tukaikunja pamoja. Siku ile ndipo nilipoanza kumwamini.