Vitambaa vya Usukani

Goreti alikuwa amechoshwa na pikipiki ile kuliko alivyochoshwa na ukunga wenyewe, na ukunga katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, mwaka wa pili tangu vita viishe, haukuwa lelemama. Ukikunja mkono wa mafuta, kwanza haikusikii. Ukikunja zaidi, inaruka na wewe. Kwenye kona ndiyo balaa, inajiongezea moto yenyewe.

Mara ya mwisho ilimmwaga Yayeri, mmoja wa wajawazito wake, mtaroni. Hakuumia, ila aliapa hataipanda tena. Sasa mimba yake ilikuwa imekomaa, na mtoto amelala kikingama tumboni. Mtoto wa namna hiyo hazaliwi mkekani pale Juru, mtaa wao wa kambini. Hutolewa mjini Mbarara kwa kisu cha daktari. Gari la kambi lilikuwa bovu. Ilibaki pikipiki, na Yayeri hataki hata kuiona.

Basi Goreti akaiendesha peke yake hadi Mbarara kwa fundi Hudu, mzee mwenye subira ya kuudhi. Hudu alikwisha kuisafisha kabureta, akabadili plagi, akatia waya mpya wa mafuta. Kila alipoijaribu ilikwenda vizuri. Kila iliporudi Juru ilirudia ujinga wake. Goreti alikuwa ameanza kuamini kuwa ni mikosi, naye hakuwa mtu wa kuamini mikosi.

Hudu aliizunguka pikipiki, kisha akacheka kidogo. Alimwita musawo, yaani daktari, kama wenyeji walivyowaita wakunga.

"Musawo, leo ndio umeleta pikipiki yenyewe. Siku zingine ulikuwa unaniletea dada yake."

"Nimekuja mbio. Sikuiosha," Goreti akasema kwa aibu.

Maana siku zote, kabla ya kuileta mjini, aliiosha mpaka ikang'aa, akafungua na vitambaa vyote. Nani huenda kwa daktari bila kuoga? Vitambaa vilikuwa vya akina mama wa Juru. Kila aliyejifungua salama alichana ukingo wa nguo anayombebea mwanawe, akaufunga kwenye usukani, ndiyo asante yake. Vilijaa upande wa kulia hata waya wa mafuta haukuonekana tena. Goreti hakutaka watu wa mjini wavicheke.

Hudu akaiwasha, ikanguruma polepole. Akageuza usukani kushoto bila kugusa mafuta. Injini ikapiga kelele. Akaurudisha, ikatulia.

"Unaona? Hizi nguo zimefunga waya pamoja na chuma. Ukikata kona, zinavuta waya. Ukiongeza mafuta, zinashika, alafu zinaachia mara moja. Pikipiki haina ugonjwa, musawo. Wewe ndio unainyonga."

Goreti akaketi juu ya tairi kuukuu. Alitaka kulia, akakosa nguvu za kulia. Asante za watu ndizo zilizommwaga Yayeri, na aliyekuwa akizifunga upya kila aliporudi, akizikaza zisidondoke, ni yeye. Akainuka, akazifungua moja moja, akazitia mfukoni.

Alipofika Juru, Yayeri alikuwa mlangoni, ameshika kiuno. Hakumtazama Goreti, aliutazama usukani.

"Umekitoa cha Elly," alisema kwa lugha yao ya nyumbani.

Elly alikuwa kifungua mimba wake. Surua ilimchukua kabla hajajua kutembea, akazikwa na nguo zake zote. Kilichosalia ni kile kitambaa tu.

Goreti akakipapasa mfukoni, akampa. Akamweleza bila kuzunguka: "Vitambaa vilikuwa vinavuta waya, ndivyo vilivyokuangusha, na nilivifunga mimi."

Yayeri akakinusa. Kilinuka petroli. Goreti alingoja lawama, akawa tayari kuipokea, kwa kuwa aliona anaistahili. Yayeri akakizungusha kwenye kifundo cha mkono, akakikaza kwa meno.

"Nishike nipande," alisema.

Goreti aliondoka taratibu, mabega yamemkakamaa, akiungoja ule mruko. Haukuja. Kona ya kwanza ikapita, na ya pili, na ile ya mtaro. Walipokaribia Masha, njiani kwenda Mbarara, alihisi uzito mgongoni, akageuza shingo. Yayeri alikuwa amesinzia. Goreti akaikamata mikono yake pale kiunoni kwa mkono wa kushoto, akaendesha kwa ule mmoja uliobaki, na pikipiki ikakubali.