Pande Nne Sawa

Nimeolewa na mtu ambaye huwezi kumwambia "lete kikombe" akaleta. Atauliza kwanza kikombe ni nini: chenye mkono, kisicho na mkono, au hata kopo linaingia? Mwalimu Ismaili amefundisha hesabu hapa Rumonge miaka thelathini na moja. Yeye alistaafu, maswali yake hayakustaafu. Mwaka tuliooana nilimwambia nampenda, akaniuliza kwa maana gani. Nikamnunia siku mbili. Siku ya tatu akaniletea karatasi aliyoandika maana yake mwenyewe, mistari minne, na mpaka leo ninayo chini ya sanduku langu la vitenge. Imeandikwa nini, hilo haliwahusu.

Shuleni watoto walimwogopa kwa jambo moja. Ukiandika jibu lenye pengo, hata la neno moja, hupati nusu. Unapata sifuri ya kalamu nyekundu, mviringo kamili kama sahani. "Maana ni kama mtumbwi," alikuwa akisema. "Tundu dogo na tundu kubwa, yote yanazamisha." Na alama aliyokwisha kuitoa hakuibadilisha hata siku moja. Wazazi walikuja na kuku, wakarudi na kuku wao.

Mimi ni mwenyekiti wa chama cha wanawake wanaokausha ndagala, wale dagaa wetu wa Tanganyika. Tuko ishirini na nne, kila mmoja na kichanja chake cha wavu. Ziwa lilipopanda likameza uwanja wetu, tukawa tunahangaika kando ya barabara, vumbi likila samaki kabla yetu. Hatimaye tukakubaliana na Revokatus, mwenye bustani ya michikichi karibu na mwalo. Sisi tumpe shamba letu la mihogo la Gatete, yeye atukatie kipande cha bustani. Tulikuwa tumeshapiga hesabu: mraba wa mita ishirini, safu nne za vichanja sita sita, na njia za kupita.

Nani aandike mkataba? Mwalimu yumo ndani, utamtafuta wapi mwingine. Ila asubuhi hiyo Ismaili alikuwa na homa, nami nilikuwa na haraka kwa sababu shefu wa zone, mwenye mhuri wa serikali, alikuwa anasafiri saa sita. Nikamsimamia kichwani. "Baba Kaoutar, andika basi, huu si mtihani." Akaandika. Nikaondoka na karatasi wino haujakauka, ikapigwa mhuri.

Revokatus alipima mbele yetu kwa kamba yenye mafundo. Tulimfuata kila upande tukihesabu kwa sauti. Ishirini, ishirini, ishirini, ishirini. Tukapiga vigelegele, tukasaini. Macho yetu yote yalikuwa kwenye mafundo.

Kesho yake tukaleta vichanja. Safu ya kwanza ikakaa vizuri. Ya pili ikabidi isogee kulia, ya tatu ikasogea zaidi, na ya nne ikakosa pa kukaa kabisa. Vichanja sita vikabaki nje, na wenyewe wamesimama pembeni yavyo. Mmoja wao ni Zipora, mjane aliyerudi kutoka kambi za wakimbizi za Tanzania na watoto wanne. Hana shamba, hana duka, ana kichanja.

"Mama Kaoutar," akaniambia, "sasa mimi kwangu iko wapi?"

Nikaenda kumwita mume wangu.

Ismaili alikuja na kamba yake. Hakupima upande hata mmoja. Alipima kona hadi kona, kukatiza katikati: mita thelathini na nne na nusu. Akapima kona mbili nyingine: ishirini. Akakaa juu ya jiwe.

"Kwenye mraba hizi mbili zinalingana," akasema taratibu. "Huu umesukumwa ukalala. Ni losanje."

Nilipotazama sasa niliona. Nguzo mbili za upande wa juu zilikuwa zimesogezwa mita kumi nzima, zikiikwepa michikichi mitatu minene iliyosimama kwenye kona. Revokatus naye akaja kutoka bustanini, karatasi iko mkononi tayari. Nadhani aliingoja siku hiyo kwa muda mrefu.

"Amahoro, Mwarimu. Soma hapa uliandika nini."

Ismaili akasoma. "Kiwanja cha pande nne zilizo sawa, kila upande mita ishirini."

"Nimetoa pande ine?"

"Umetoa."

"Ziko sawa?"

"Ziko sawa."

"Basi." Revokatus akaikunja. "Lakini nikuulize kitu. Mwaka wa saba uliuliza karé, huo mraba, ni nini. Mimi nikaandika, ni umbo la pande ine sawa. Ulinipa ngapi?"

"Sifuri," akasema Ismaili. Hasahau alama za mtu.

"Ukachora hiyo losanje ku tablo, ukaniuliza mbele ya batoto bote kama hiyo iko karé. Bakanicheka mpaka likizo. Sasa chagua, Mwarimu. Kama karatasi yako inasema karé, basi jibu langu lilikuwa sahihi, unirudishie alama zangu. Kama haisemi karé, bamama babaki na ile nimebapatia."

Nilichemka. Mtu mzima mwenye mvi, anaitunza sifuri kama cheti cha kuzaliwa! Nilikuwa na maneno yangu tayari, ila nilimtazama mume wangu yakanikauka. Kinyozi hajinyoi, wanasema, lakini sikupenda kumwona hivyo. Angesema neno moja tu, kwamba jibu la zamani lilikuwa sahihi, na wanawake sita wangepata pa kukausha. Nilimwomba kwa macho aseme. Angeweza pia kutaja homa yake na haraka yangu. Hakutaja.

Aliinuka, akaiomba karatasi, akaiweka juu ya goti. Wastaafu wengine hubeba miwani mfukoni, wangu hubeba kalamu nyekundu. Chini ya mwandiko wake mwenyewe akachora sifuri, mviringo kamili kama sahani.

"Jibu lako halikuwa sahihi, Revokatus," akasema. "Langu pia si sahihi. Wewe ulikuwa mtoto wa miaka kumi na tatu, mimi ni mzee niliyewasahihisha wengine, kwa hiyo langu ni baya zaidi. Lakini kukuchorea ubaoni ili wenzako wacheke, hilo ni kosa la namna nyingine, na sina alama yake. Nisamehe. Juu ya kiwanja sina la kudai. Karatasi ni yangu, na imevuja."

Revokatus aliitazama ile sifuri. Kisha akanigeukia.

"Mama Kaoutar, nipatie karatasi. Na kalamu. Si ile nyekundu."

Nikachana ukurasa wa daftari la chama. Akachuchumaa, akatumia beseni la samaki kama meza, akaandika polepole huku anapumua kwa nguvu. Alipomaliza akamnyooshea Ismaili bila kumtazama.

Ilikuwa imeandikwa: "Karé ni umbo la pande nne sawa na kona nne sawa."

Ismaili akaisoma mara mbili. Uso ule naujua, ni wa mtu anayetafuta tundu. "Hukusema kona za digrii tisini," akasema.

"Ni lazima? Ziko ine, ziko sawa. Zitaenda wapi?"

Mume wangu akacheka, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu astaafu. Akaandika kumi kwa kumi, akaweka sahihi na tarehe. Revokatus aliishika karatasi kwa mikono miwili.

"Murakoze, Mwarimu," akasema, akaenda mwenyewe kung'oa nguzo.

Mkataba ulioko zone leo una maneno yake. Michikichi mitatu imebaki ndani, kwenye njia, na matunda ni yake. Kivuli cha miti hiyo tunakipenda sisi, ndagala hawakipendi. Kichanja cha Zipora ni cha mwisho safu ya nne.

Jioni hiyo Ismaili hakugusa chai. Nikamwambia haraka ilikuwa yangu, akatikisa kichwa. Baadaye akaniomba ile karatasi ya sanduku la vitenge. Alitaka kuangalia kama nayo inavuja.

Nikamnyima. Nimo ndani yake mwaka wa ishirini na tisa huu, nikamwambia, na miguu yangu ni mikavu. Kunywa chai.