Pengo Kwenye Duara

Majani makavu tuliyomtandikia yalikuwa palepale, yamebonyea katikati kama kiota. Kaka yangu hakuwapo.

Mafuvu mengine yote yalitulia katika duara lao uwandani, nyuso zikielekea ndani, kama sisi Wamandani, wenyeji wa mto huu, tunavyowaweka wafu wetu baada ya miili kuoza na kwisha juu ya jukwaa la mazishi. Nilikuwa nimemletea mahindi ya kuchemsha, nikae naye kidogo tuzungumze. Nikayaweka chini. Kule mtoni mashua ya Lindauer ilikuwa ikipakiwa.

Lindauer alitoka ng'ambo ya bahari kuja kukusanya ndege na wanyama wa nchi yetu. Kaka yangu, Mbweha Mwekundu, ndiye aliyemtembeza. Walirudi na mizoga begani, mgeni akakaa kupima mabawa, na kaka hakumwacha.

"Mama, mtu huyu akimwona bata haulizi kama amenona. Anauliza ana kucha ngapi," kaka alimwambia Mama.

Mama alicheka mpaka akashika mbavu. Akampakulia mgeni maboga, akamwita "mwanangu".

Majira ya baridi farasi aliteleza kwenye barafu, akamwangukia kaka, akamuua. Lindauer alilia nasi, akakaa kwetu mpaka mwili ulipokwisha jukwaani. Machozi yale hayakuwa ya uongo, na hilo ndilo linaloniuma hata katika uzee huu.

Basi siku ile nilimkuta Lindauer kando ya mashua, amekalia sanduku.

"Kaka yangu yuko wapi?"

"Dada, tunaondoka sasa hivi."

"Inuka hapo ulipokaa."

Hakuinuka. Alinijibu kwa lugha yetu, ile ile aliyofundishwa na kaka. "Nampeleka kwenye nyumba kubwa ya mawe. Wenye elimu watamtazama. Hatasahaulika."

"Kwani nani kamsahau?"

Akainuka, akageukia maji. Nikaling'ang'ania sanduku, wapiga makasia wawili wakanibandua kidole kimoja kimoja, wakalipakia, wakasukuma mashua. Niliifuata ukingoni mpaka mto ulipopinda na miamba ikanizuia.

Mama alikuwa mlangoni akipukuchua mahindi. Nilimweleza yote, sikumficha neno. Hakupiga yowe. Mikono yake iliendelea na kazi, punje zikidondoka kapuni.

"Nyumba ya mawe," akauliza mwishowe, "huwa na moto wa kuota ndani?"

Sikuwahi kuiona hata moja. Nikamwambia ndiyo.