Pini ya Usukani

Kankolongo alikuwa mkuu wa karakana ya reli pale Kindu, mtu wa Kasai aliyeletwa Maniema na kazi, akaoa, akazaa, akazoea. Hakuwa mtu wa anasa. Ndiyo maana mtaa ulishangaa, mwaka ule baada ya maduka ya wageni kugawiwa wananchi, kuona gari la spoti limesimama chini ya banda la mabati kando ya nyumba yake. Lilikuwa gari la Ulaya la viti viwili, rangi ya fedha, paa lake la turubai la kukunjwa, limeshakula miaka. Mgiriki aliyekuwa nalo aliondoka Zaire na masanduku yake tu. Sitwayeni, yaani mwananchi, aliyepewa duka lake hakujua alifanyie nini gari lisiloweza kubeba hata gunia la mchele, akalibadilisha na Kankolongo kwa friji ya mafuta ya taa.

Mkewe Claudine aliililia friji ile. Aliyefurahi ni Bulaimu, jirani yao, mwenyeji wa Kindu tangu mababu, fundi wa kuchonga vyuma katika karakana hiyohiyo ya reli. Nyumba zao zilitenganishwa na ua wa michongoma tu. Kila jioni baada ya kazi Bulaimu alivuka, akavua kanzu yake akaitundika msumarini, wakainama wote wawili ndani ya injini mpaka mkewe Mwavita alipomwita akale. Injini ilipofufuka, Jumapili moja walikwenda nalo mpaka kiwanja cha ndege na kurudi. Bulaimu ndiye aliyeshika usukani. Njia nzima machozi yalikuwa yakimtoka kwa upepo, wala hakuyafuta.

Hapo wengine wangeridhika. Kankolongo hakuweza, kwa jambo lililompata zamani. Alipokuwa bado kijana kazini, ulikuja waraka kuhusu breki za mabehewa ya aina fulani. Bosi wake akauweka chini ya kopo la chai, na baadaye mabehewa hayo yakaanguka kwenye daraja na watu wa mtaani kwao ndani yake. Tangu siku hiyo hakuiamini mashine yoyote kabla ya kuuliza walioiunda wanasemaje juu yake. Alijua kwamba viwanda vya magari navyo, vikigundua kasoro baada ya kuuza, hutoa ilani ya kuyaita magari yarudi yatengenezwe. Akamwandikia binamu yake Badibanga, aliyekuwa akisoma Liège huko Ubelgiji, amwombee kwa wakala wa huko kila ilani na kila maelekezo ya ufundi yaliyowahi kutolewa kwa gari la namna hiyo.

Bahasha ilifika mvua zikiwa zimeanza. Karatasi nyingi zilihusu mambo madogo: mlango unaovuja, waya wa taa unaosuguana na bati. Moja ilikuwa nzito. Ilisema kwamba magari ya namba kadhaa yalitoka kiwandani na pini dhaifu kwenye kiungo cha usukani, na kwamba pini hiyo inaweza kukatika ghafla, bila kutoa sauti wala kulegea kwanza. Kankolongo alishika taa, Bulaimu akafuta kibati cha namba kwa kitambaa chenye petroli. Wakaisoma namba, wakairudia. Ilikuwa mulemule.

Lakini huenda lilikwisha kutengenezwa. Nani angejua? Wakala wa Liège alikuwa na kumbukumbu za magari ya Ulaya tu, na gereji ya Kisangani iliyolihudumia hili ilikuwa imefungwa zamani, hakuna wa kuulizwa. Kuifungua pini waitazame hawakuweza pia, kwa sababu kiungo kilifungwa kwa pete ya bati iliyobanwa kiwandani; ukiikata, haibanwi tena, lazima uwe na kiungo kipya mkononi. Bulaimu alilala chali chini ya gari muda mrefu, akipapasa kile chuma kama mtu anayetafuta jipu. Alipotoka alijipangusa mikono.

"Shefu, hii gari tusiitembeze," alisema. "Tungoje kipande."

Kankolongo akaagiza kiungo kipya kwa Badibanga. Kila wiki waliiwasha injini wakaiacha ingurume kidogo isije ikashika kutu, halafu wakaizima. Mtaa mzima ulisikia. Kwa majirani, gari la mkuu wa karakana lilikuwa zima kabisa, na mwenyewe alikuwa akilificha.

Jumamosi moja, watu wengi wakiwa kwenye salongo, ile kazi ya lazima ya kufagia na kuzibua mifereji, Mwavita alikuja mbio bila kitambaa kichwani. Bulaimu alikuwa akiumwa tumbo tangu juzi yake akijikaza, na sasa alikuwa ameanguka uani, tumbo gumu kama ubao.

"Baba Kasanda, bwana yangu iko mubaya sana," alimwambia Kankolongo, akimwita kwa jina la mwanawe. "Tumupeleke na gari yako."

Kankolongo alitazama banda. Petroli ilikuwemo. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwake. Aliiona barabara ya hospitali jinsi inavyoshuka kuelekea mtoni, na daraja dogo la mbao pale chini, na Mwavita amembeba mumewe mapajani katika kiti kimoja. Akasema haiwezekani, usukani si salama, Bulaimu mwenyewe anajua. Atatafuta lori la reli, hatakawia. Akarukia baiskeli.

Lori lilikuwa limekwenda kubeba mchanga wa salongo upande wa Mikelenge. Akalifuata huko. Dereva akakataa kuondoka bila idhini ya msimamizi wa kazi, na msimamizi alikuwa mbali, akihimiza watu waimbe. Kankolongo alimwendea, akabembeleza, mwisho akagomba. Waliporudi na lori, wanawake walikuwa wamemzunguka Bulaimu kwenye mkeka, na uso wake ulikuwa umegeuka rangi ya majivu. Alifika hospitali akipumua. Daktari alisema utumbo umepasuka, na kwamba angeletwa mapema angejaribu. Kabla ya alasiri Bulaimu alikuwa amekata roho.

Wakamzika kesho yake katika makaburi ya Waislamu. Kankolongo alisimama nyuma, karibu na njia, na hakuna aliyemsogezea nafasi. Mtaani maneno yalitembea: yule Mukasai alihurumia viti vya gari yake visichafuke. Hayo aliyavumilia. Asiloweza kulivumilia ni swali la Claudine, ambalo mkewe hakulisema kwa ubaya. Aliuliza tu, akichambua majani ya sombe, kama haikuwezekana kwenda polepole. Polepole. Mwendo wa mtu anayetembea kwa miguu. Hata pini ikikatika, gari lingeingia mfereji likasimama. Aliufikiria mwendo huo kazini, akaufikiria mezani, akaufikiria akiwa amelala.

Kiungo kililetwa na sista mmoja wa misheni aliyetoka likizo Ubelgiji. Kankolongo hakuwa na haja nacho tena, ila alichukua msumeno wa chuma akaingia chini ya gari peke yake. Alikata pete, akavuta mpira uliofunika kiungo, akaichomoa pini ya zamani na kuiweka karibu na mpya juu ya kitambaa.

Zilikuwa sawa. Shingo nene ileile, na mfereji uleule uliochorwa kwenye ilani ili fundi asichanganye pini imara na zile mbovu. Mtu fulani, pengine Kisangani, pengine hata kabla gari halijapakiwa melini, alikuwa amekwisha kuibadilisha. Jumapili ile ya kiwanja cha ndege walikuwa wamekaa juu ya usukani mzima. Na ile Jumamosi pia ulikuwa mzima.

Claudine alimsihi asiseme. Maiti hafufuki, alisema, na mjane ana yake ya kutosha. Kankolongo aliona kunyamaza ni kuiba. Akazunguka ua, akamkuta Mwavita anatwanga mihogo, Jamila binti yake akipepeta kando. Alimwomba mtoto atoke kidogo, akaeleza yote akiwa amesimama: pini, pete, mfereji. Hakujitetea.

Mwavita aliuweka mchi chini.

"Ile siku ulikuwa unajua?"

"Hapana, Mama Jamila."

Akatazama unga kwenye kinu. Aliposema, sauti yake haikupanda.

"Bulaimu aliniambia mwenyewe kama ile gari iko mubaya. Ndugu zangu wanakutukana hapa kila siku, na mimi ninawaambia hapana, ile gari ingetuua sisi wote. Neno hilo njo nilikuwa ninalalia. Sasa umekuja kuniondolea. Ya nini, Baba Kasanda? Ulitaka mimi nikusaidie kubeba?"

Kankolongo alitaka kusema kwamba alikuja kwa ajili ya haki, lakini alipolitafuta neno hilo hakuliona moyoni. Alikuwa amekuja kwa ajili yake mwenyewe. Aliaga, na Mwavita akaushika tena mchi.

Baada ya kumaliza eda Mwavita aliamua kuhamia kwa kaka yake huko Tunda, ambako kulikuwa na shamba. Kwa wakati huo Kankolongo alikuwa ameshaitoa injini ya gari. Karakana iliitumia kuvutia maji, na bodi ilibaki bandani, kuku wakitaga kwenye viti. Siku ya safari alisikia upande wa pili wa ua vyombo vinafungwa. Akavuka bila kuitwa, akajitwisha godoro na lile sanduku kubwa la bati, akatangulia njia ya stesheni. Mwavita alimfuata na Jamila. Watu walichungulia milangoni.

Kwenye behewa alimtafutia nafasi karibu na dirisha, akasukuma sanduku chini ya benchi. Mwavita alimwambia godoro lisikae pale, litalowa mvua ikinyesha, alipeleke ndani zaidi. Akalipeleka.

"Asante," Mwavita alisema, akimtazama mtoto.

Kankolongo alishuka. Fundi mmoja alikuja kumwambia kwamba behewa la tatu lina ekseli inayopata joto. Akainama kulitazama, treni ikingojea.